Pipa la Maji ya Kuzalia

Huku kwetu, ndani ya Kilwa ukishaipita Mitole, mwanamke akikaribia kujifungua huandaa vitu vyake kama wanawake wa kwingine: khanga kuukuu zilizofuliwa, wembe mpya, mafuta, nguo za mtoto. Halafu anaandaa maji. Zahanati ina kitanda, ina umeme wa jua, ina hata muuguzi mwenye moyo, lakini bomba lake lilikauka zamani, kwa hiyo ukienda kuzaa unakwenda na maji yako. Usipokwenda nayo hufukuzwi. Lakini swali la kwanza utakaloulizwa mlangoni ni hilo, hata kabla ya jina lako.

Binti yangu alirudi kutoka Lindi, alikoolewa, ili mtoto wake wa kwanza azaliwe kwa mama, kama ilivyo desturi yetu. Siku aliyofika, nilianza kujaza pipa. Watu wa bombani hawaelewi nikisema kujaza pipa. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu. Unachimba shimo mpaka mchanga ubadilike rangi, unakaa ukingoni, unasubiri maji yatoke kidogo kidogo, unayachota kwa kata, unayaacha yatuame, unayachuja kwa kitambaa, ndipo unabeba. Ukichelewa kuamka, wenzako wameshalikausha shimo na unakaa tena kulisubiri. Nilikwenda hivyo asubuhi na jioni mpaka shingo ikawa hainigeukii. Pipa nikaliweka chumbani kwangu, nikalifunika, juu nikaweka jiwe. Nikamwambia kila aliye na masikio nyumbani kwangu kwamba haya ni maji ya kuzalia, na atakayeyagusa atanitambua.

Wakati mimi nabeba, wanaume walikuwa barazani kwangu wanabishana kwa nini mvua hainyeshi.

Mume wangu alisema ni wachoma mkaa. Wameumaliza msitu wa mlimani, chemchemi zimekufa, mvua ije ifuate nini? Mwalimu wa madrasa, jirani yetu, alisema ni madhambi, na akiyataja alikuwa akitazama suruali za vijana wanaopita. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyekuwa na mabadiliko ya tabianchi. Alikuwa amehudhuria semina Lindi, akarudi na fulana na maneno. Alisema dunia imepata joto, bahari imepata joto, na moshi uliofanya hivyo haukutoka kwenye matanuri yetu ya mkaa, umetoka kwenye viwanda vya wakubwa huko nje. Mwalimu akamuuliza, mbona mwaka ule mafuriko yalibeba madaraja na kutukata na Dar es Salaam, huo nao ulikuwa ukame? Shemeji akasema ndiyo hayo hayo, mvua imepoteza mizani yake. Mwalimu akacheka, akasema basi hilo ni dawa ya kila ugonjwa, ikinyesha ndilo, isiponyesha ndilo.

Nisieleweke vibaya. Mimi namwamini shemeji. Nimelima tangu nina meno ya utoto na najua mvua za kupandia zilikuwa zinakuja lini, na najua haziji tena. Mbegu ya mtama nimeifukia kwenye vumbi, ikaota kwa manyunyu, ikaungua, nikafukia tena. Mume wangu naye namwamini, maana msitu ule niliuona. Hata mwalimu simkatalii, madhambi yapo. Kilichonichoma moyo ni kwamba hoja hizo zilikuwa zinajengwa kila siku baada ya alasiri, kwa sauti, kwa kahawa, na kahawa ile ilichemshwa kwa maji niliyoyabeba mimi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama katikati ya hoja yake akasema, hebu leo nikachote. Nikiingia na ndoo kichwani walikuwa wanakunja miguu nipite. Basi. Huo ndio ulikuwa msaada wao.

Mwisho ubishi ukawa mkubwa mpaka ukafika kwenye kamati ya kijiji, na mume wangu ni mjumbe humo. Shemeji akataka aletwe mtaalamu kutoka Lindi aje awaambie watu ukweli. Mwalimu akataka isaliwe sala ya kuomba mvua, watu watoke uwanjani na watoto wao, na itolewe sadaka. Mtaa wa Wakatoliki wakasema na wao watakuja na sala zao, ukame hauna dini. Kamati, kwa hekima yake, ikaamua yote yafanyike Ijumaa moja. Asubuhi mtaalamu aseme, mchana watu wasali msikitini, chakula cha sadaka kiliwe, halafu wote uwanjani.

Jamani, chakula kinapikwa kwa nini? Kwa maji. Wali wa kijiji kizima, chai ya wageni, vyombo vya kuoshwa. Ili tuombe maji, kila nyumba itoe ndoo ya maji. Nilicheka mpaka mume wangu akaudhika. Nikamwambia ndoo yetu nitaitoa mtoni asubuhi ile ile, na pipa lisiguswe. Akasema, kwani nani amelitaja pipa?

Ijumaa hiyo nilitoka baada ya alfajiri. Nikakuta kijiji kizima kiko mtoni, maana kila mwanamke alikuwa na ndoo ya sadaka ya kutafuta. Shimo letu lilikuwa limebomoka ukingo mmoja, tukalichimba upya, na tulipolipata maji yake yalikuwa uji. Jua lilikuwa limepanda sana niliporudi na nusu ndoo ya tope.

Binti yangu nilimkuta ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, kipaji cha uso ameegemeza ukutani. Sikuhitaji kuuliza. Kliniki walikuwa wamemwambia bado, lakini mtoto hakusoma kadi. Nikamkalisha, nikamsugua mgongo, nikamwambia apumue, twende zetu, kila kitu kiko tayari. Nikaingia chumbani.

Jiwe lilikuwa juu ya kifuniko, limewekwa vizuri kabisa. Chini ya kifuniko hakukuwa na kitu.

Binti ndiye aliyenieleza, katikati ya uchungu, kana kwamba kosa ni lake. Watu wa kamati walipita wakikusanya. Nyumba nyingi zilikuwa hazijatoa, sufuria hazijajaa, na gari la mgeni lilikuwa limeshaonekana barabarani. Baba yake aliona haya, mjumbe mzima nyumba yake haina ndoo. Akasema uchungu bado, kliniki wamesema bado, na maji haya yanakwenda kuombewa mvua, yatarudi. Akatoa ndoo moja. Halafu, kwa kuwa watu walimsifu, akatoa pipa zima. Uungwana huo! Uungwana wa maji yaliyobebwa na shingo ya mwenzio.

Sikumbuki nilivyotembea kwenda ofisi ya kijiji. Nakumbuka nilisikia sauti ya mtaalamu kabla sijafika. Alikuwa kijana mpole, na kusema kweli alikuwa anasema mambo ya maana. Alisema joto la bahari limechafua majira, hilo halina ubishi kwa wanaopima. Lakini ukame wa mahali pamoja huwezi kuutwisha sababu moja tu, na misitu iliyokatwa kwenye vyanzo vya maji nayo ina sehemu yake. Jawabu hilo liliwakera wote. Shemeji alitaka amwambie mwalimu kwamba ameshindwa. Mwalimu alitaka aulizwe Mungu ana sehemu gani kwenye hesabu hiyo. Mume wangu alikuwa amesimama, kidole juu, anasema, mmesikia, misitu, mmesikia wenyewe.

Nilipita nyuma yao kwenda jikoni. Wapishi walikuwa wenzangu, tunachimba nao shimo moja. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya mafiga, maji yameanza kutoa mvuke, mchele umeshachaguliwa uko kwenye sinia unasubiri. Nikamwambia shoga yangu aliyekuwa anachochea moto kwamba binti ameshikwa na uchungu, na maji yake ndiyo hayo. Akanitazama. Aliinua sinia la mchele akaliweka mbali, akachukua matambara mawili, akanipa moja. Tukashika kila mtu upande wake, tukaiteremsha.

Hapo ndipo mkutano ulipogeuka kutuangalia. Shemeji akaja mbio, mikono mbele.

"Shemeji, hayo ni maji ya sadaka," akasema.

"Mwanangu anazaa," nikamwambia. "Maji yametoka kwangu. Nipishe."

Akanipisha. Wote walinipisha, na miguu waliikunja kama walivyozoea. Mume wangu alibaki na kidole chake hewani, akawa hajui akipeleke wapi. Sikumwangalia. Ningemwangalia ningemmwagia, na maji yalikuwa ya thamani kuliko yeye.

Mtaalamu namshukuru kwa jambo moja. Aliacha karatasi zake mezani akaenda kuwasha gari. Sufuria tukaipandisha nyuma, mimi na shoga yangu tukaikumbatia isimwagike, tukapita nyumbani tukamchukua binti, tukaenda zahanati. Kila shimo la barabara lilikuwa linaniibia maji, nami nililaani kila shimo kwa jina la kamati. Alipotushusha aliaga, akarudi kuwaaga wenyeji wake na kushika njia ya Lindi. Shoga yangu naye alirudi kwao, alikuwa na mtoto mchanga nyumbani.

Muuguzi alipouliza swali lake, nikamwonyesha sufuria. Akasema kumbe mmeyapasha moto kabisa.

Mtoto alikuja upesi, wa kike, anapiga kelele. Lakini binti yangu alitoka damu nyingi, na muuguzi alihangaika naye muda mrefu kabla ya kuniambia kwamba imesimama. Muda wote huo alikuwa anataka maji. Maji ya mikono, maji ya kumsafisha mama, maji ya mtoto, maji ya vifaa, maji ya kitanda, tena maji ya mikono. Nilikuwa nachota kwa kata na nasikia ikikwaruza chini ya sufuria. Aliposema sasa apumzike, mle ndani mlikuwa na mashapo tu.

Binti akafungua macho. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Mama," akasema, "nina kiu."

Nikatoka nje mbio. Nyumba ya kwanza imefungwa. Ya pili imefungwa. Nikagonga mpaka dirisha la tatu, kuku wakatawanyika, hakuna mtu. Ndipo nikasikia sauti kutoka uwanjani, sauti ya kijiji kizima, wake kwa waume na watoto, wameinua mikono wanaomba maji. Nilisimama njiani nikajikuta natukana, na aliye mbinguni anisamehe kama alinisikia. Watu wote wanaomba maji, na hakuna hata mmoja aliyebaki nyumbani wa kunipa kikombe.

Niliporudi, mume wangu alikuwa mlangoni mwa zahanati. Hakuwa amekwenda uwanjani. Kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa na vumbi hadi magotini, amekuja kwa miguu, na mkononi ameshika birika lake la udhu. Maneno niliyokuwa nimemwandalia njia nzima yalikuwa mengi na yote yalikuwa ya haki. Nilifungua mdomo nianze. Kutoka ndani binti akaita tena, akitaja kiu.

Alininyooshea birika.

"Mpe anywe," akasema. "Mimi nitatayamamu."

Nikalichukua. Nikamwinua binti kichwa, nikamwekea mdomo wa birika, akanywa kwa pupa, akashika pumzi, akanywa tena, mpaka likawa jepesi mkononi mwangu. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwake. Kupitia dirishani nilimwona mume wangu amechutama uani, peke yake. Alipiga viganja vyake kwenye udongo, akavipuliza, akajipaka usoni, halafu mikononi, kama sheria inavyomruhusu mtu asiyepata maji. Hasira yangu ilikuwa haijaisha, na sikutaka iishe. Lakini nilimtazama mzee wa watu anavyojiosha kwa vumbi, na machozi yakanitoka, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa binti yangu alipouliza kama maji yamebaki.