Sinia la Ijumaa

Baba alifundisha falsafa ya sheria maisha yake yote. Aliandika vitabu juu ya adhabu, akawasumbua wakubwa miaka na miaka mpaka mahakimu wengine wakaanza kuwapa wenye makosa madogo kifungo cha nje badala ya kuwajaza gerezani. Wasomi wanamkumbuka kwa hayo. Mimi namkumbuka kwa Ijumaa. Baada ya swala, watu waliomaliza vifungo walikuja kula nyumbani kwetu Nyamagana, wanaume sinia moja na baba, wanawake sinia moja na mimi. Alisema hukumu inachukua miaka ya mtu, haimchukui mtu mwenyewe. Nakiri nilikuwa nikimwona anazidisha.

Alipofariki nilibaki peke yangu na makabati ya vitabu. Siku ya arobaini walikuja majaji, maprofesa na wakwe wa dada yangu, nami nikaona haya. Wale wa Ijumaa niliwatandikia mkeka uani, nikawapa sahani za plastiki, kila mtu yake. Sisi tukala ndani, kwenye masinia.

Hakuna aliyelalamika. Walipomaliza, mama mmoja aliyewahi kufungwa miaka minane, niliyekula naye tangu nikiwa sekondari, aliosha sahani na kijiko chake. Akaja mlangoni, akavinyoosha mbele yangu kwa mikono miwili, akasubiri nivikague, kama walivyozoeshwa kule gerezani. Wenzake wakapanga foleni nyuma yake. Nilivipokea kimoja kimoja mbele ya wageni wote kwa sababu sikujua la kufanya.

Ijumaa iliyofuata nilipika pilau, hakuja mtu. Na ile nyingine pia. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nasikia friji ikinguruma. Nilikula nimesimama jikoni, kwanza nikiwakasirikia wao kwa kususa, kisha nikijikasirikia mwenyewe. Upweke ule ulinila kuliko msiba.

Ilipotimia miezi miwili nilipanda kivuko hadi Kamanga, nikamkuta yule mama akianika dagaa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nilimwomba radhi bila kujitetea, nikamsihi arudi, hata yeye peke yake.

"Nilikusamehe palepale mlangoni, mwanangu," alisema. "Lakini kwako sirudi. Kwa baba yako nilikuwa nasahau kwamba niliwahi kufungwa. Wewe ulinikumbusha."

Nilikuwa nimesoma vitabu vyote vya baba, na hakuna hata kimoja kilichonisaidia pale. Yule mama alifunga dagaa kwenye mfuko, akanipa, akasema tuwahi kivuko. Akanisindikiza mwenyewe. Njia nzima aliniuliza habari za kazi na afya yangu, kwa upole, kama mtu anavyomuuliza mgeni.