Maziwa Kabla ya Kisu

Mgeni hatoki nyumbani kwa Nyiramahoro mdomo mkavu. Awe mkwe, awe mpita njia aliyekuja kuuliza barabara ya Pinga, atashikishwa kikombe cha maziwa na kusimamiwa mpaka akimalize. Ndivyo alivyolelewa katika vilima vya Masisi, na baba aliyewajua ng'ombe wake wote kwa majina lakini watoto wake akawachanganya. Siku hizi Nyiramahoro ni mjane wa miaka hamsini na tatu, anaishi Kashebere, ana ng'ombe wawili, na maziwa yao ndiyo yanayomlisha.

Madaktari walipopiga mahema yao kando ya barabara kwa siku kumi, alikwenda siku ya kwanza kujitolea. Miaka miwili nyuma timu kama hiyo ilimpasua binti yake, Shekinah, aliyekuwa amekata tamaa ya kupona. Leo Shekinah anatembea, anacheka, tena anamjibu mama yake kwa jeuri, na mama anamshukuru Mungu hata kwa hiyo jeuri. Walipomuuliza anaweza kazi gani, alisema anaweza kufua mashuka, na kwamba nyumba yake ina chumba cha ziada. Basi wagonjwa waliotoka mbali kuja kupasuliwa wakawa wanalala kwake, na alfajiri anawapeleka hemani.

Sharti lilikuwa moja tu: kuanzia jioni mgonjwa asile kitu. Nyiramahoro alilishika kama askari wa mpakani. Alificha ndizi, alifukuza ndugu waliokuja na bugali, na kuna mzee mmoja aliyenyang'anywa kiazi kikiwa kimeshafika kwenye meno. Kisha alfajiri, kabla ya kutoka, kila mmoja alipewa kikombe chake cha maziwa. Kwa watu wa kwao maziwa hayaliwi. Aliyekunywa maziwa bado hajala, na jambo hilo angeliapia hata mbele ya mchungaji wake.

Siku ya kumi mgonjwa wa mwisho alikuwa Esdras, mkulima wa Kibua mwenye ngiri iliyomtesa miaka miwili. Jembe hakuligusa tena. Mkewe, Uwitonze, alilima peke yake na mtoto mgongoni, na shamba lilianza kuwashinda. Walikuwa wametembea siku mbili, Esdras akijishika tumbo. Saa saba mchana timu ingeondoka kabla mvua haijaiharibu barabara, na hakuna aliyejua ingerudi lini.

Mlangoni pa hema muuguzi Gentille alimuuliza, "Papa, ulikula?"

"Hapana, siyakula kitu tangu jana," alijibu Esdras, na kwa moyo wake alikuwa anasema kweli.

Esdras alipokwenda kando kubadili nguo, Uwitonze, ambaye alfajiri hakukiona kile kikombe, alitaka kujua kwa nini mtu mgonjwa ashindishwe njaa. Gentille hakumkatalia jibu. "Akilala na ile dawa, mama, kile kiko mu tumbo kinaweza kupanda, kiingie mu mapafu. Muntu anaweza kufa palepale, bila kuamuka. Hata kama ni maziwa tu."

Nyiramahoro alikuwa hatua tano kutoka hapo, anakamua shuka. Aliyasikia yote. Akisema, Esdras ataondolewa na kurudi Kibua na ngiri yake, na kijiji kizima kitajua ni nani aliyemnyima nafasi. Akinyamaza, labda hakuna kitakachotokea. Tusimwonee: alinyamaza muda wa kumaliza shuka lile moja. Kisha akaliangusha kwenye beseni, akamwendea daktari wa upasuaji.

"Dokta, huyu muntu asiingie. Nilimupa maziwa, mimi mwenyewe. Kikombe nzima."

Daktari Cyusa alivua glavu. Aliuliza ilikuwa saa ngapi.

"Saa kumi na moja na nusu."

Alihesabu kwa vidole. "Tutamupasua saa saba na nusu. Tunangoja."

Dereva alitazama mawingu, akasema yale ambayo madereva husema kuhusu matope, kisha akazima gari. Mahema mengine yakashushwa na kufungwa. Esdras alikaa kwenye sanduku tupu bila kulaumu, na Nyiramahoro alitamani angalau atukanwe kidogo. Uwitonze ndiye aliyekuja. Alishika upande wa pili wa shuka na wakalikamua pamoja, na Nyiramahoro nusura alie.

Saa saba na nusu Esdras aliingia. Saa tisa alitolewa, anapumua vizuri. Daktari akaja kwenye mabeseni.

"Mama, aksanti sana juu ya kusema. Sasa uniambie: ni yeye tu ulimupa?"

Swali hilo alikuwa amelikimbia tangu asubuhi. "Hapana, dokta. Wote wenye walilala kwangu. Batu saba, bila kuhesabu huyu."

Daktari Cyusa alijikalisha juu ya beseni lililopinduliwa.

"Na wote waliamuka," alisema polepole. Kisha akamwita Gentille, akamwambia kwamba popote watakapokwenda tena, wagonjwa waulizwe pia habari ya maziwa, neno lenyewe likitajwa.

Watatu kati ya wale saba walikuwa bado wamelala katika hema moja lililobaki, ambapo Gentille angewauguza wiki nzima pamoja na Esdras. Nyiramahoro alifuta mikono, akaingia. Alikwenda kitanda kwa kitanda, akimshika kila mmoja mkono kwa mikono yake miwili, akisema aksanti. Walimtazama kwa mshangao, maana wao ndio waliofaidi taabu zake zote. Alipofika kwa Esdras, alimkuta ulimi bado mzito kwa dawa.

"Mama, unanishukuru juu ya nini? Ni mimi napaswa kukushukuru."

"Juu uliamuka," alisema.