Dagaa Wasio na Mchanga

Wivu wangu ulichemkia kwenye sahani. Kwetu mume mwenye wake wawili hupelekewa chakula kutoka kila nyumba, naye huonja kote ili pasiwe na manung'uniko. Siku hiyo nilipeleka ugali wa mtama na dagaa niliowaunga kwa karanga. Mke mdogo naye akapeleka vyake, dagaa vilevile. Sahani yake ilirudi tupu. Yangu ilirudi imeguswa pembeni tu. Nikamwuliza mume wangu kulikoni, akasema, "Wako wana mchanga."

Maneno matatu, nikayabeba mwezi mzima. Mimi niliyeezeka nyumba yangu kwa bati kutokana na dagaa haohao, leo naambiwa wana mchanga, na nani? Na mtu aliyewala miaka kumi na minne bila kutema hata mara moja.

Niseme wazi kwamba biashara ya dagaa nilikuwa nayo kabla mwenzangu hajaolewa. Nyumbani ni Tarime, huku juu vilimani, watu wa ng'ombe na mashamba, lakini nilijifunza kuteremka ziwani siku za giza, mwezi usipoonekana, maana ndipo dagaa hufuata taa za wavuvi. Mitumbwi ikirudi asubuhi nanunua wabichi, nawaanika kwenye mchanga pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, na jua likiwa zuri jioni nafunga magunia. Kisha napeleka Sirari, mpakani. Pale nilikuwa na mteja mmoja, mama wa upande wa pili, Isebania ya Kenya. Alikuwa hanunui kwa mtu mwingine ila mimi. Nyumba yangu ilisimama kwa sababu yake, na hilo kila mtu kwetu alilijua.

Halafu ziwa likabadilika tabia. Maji yalipanda yakala ule mchanga wetu, ukabaki ukanda mwembamba tunaougombania kama kuku. Wavuvi wakaanza kulalamika kwamba maji ya kando yamekuwa ya moto na dagaa wamehamia mbali, petroli inaishia njiani. Mvua nayo ikawa inanyesha miezi ambayo zamani ilikuwa ya vumbi tupu. Dagaa wakinyeshewa wamelala mchangani, kesho yake ni weusi na wananuka, unawauza kwa watu wa kuku, wakasage chakula cha mifugo. Wataalamu walikuja wakatuambia ni mabadiliko ya tabianchi. Mimi niliwalaumu wavuvi kwa uvivu, na Mungu kidogo.

Katikati ya hayo ndipo mume wangu alipooa mke wa pili, na akaenda kumtoa wapi? Ziwani hukohuko, binti wa wavuvi. Nilimwonea wivu kabla hajamaliza kushuka kwenye bodaboda. Alikuwa mtaratibu, aliniita dada, alinisalimia shikamoo akiwa amepiga goti, nami nilitafuta kosa hata kwenye goti lake.

Mwaka uliofuata naye akaanza dagaa. Hakuanika chini. Kwa kaka yake, hatua chache kutoka mwaloni, alisimamisha miti, akatandaza nyavu kuukuu juu yake, ikawa chanja ya kufika kiunoni, na pembeni turubai la kufunikia. Nilicheka mbele za watu. Nikasema huyu ametandikia dagaa kitanda, bado mto. Watu wakacheka nami. Yeye akatabasamu akaendelea kugeuza dagaa wake, na ndio hao waliosafisha sahani.

Basi ikafika ile safari. Yule mama wa Isebania alikuwa amenionya. Mara mbili nilikuwa nimemkosesha mzigo kwa ajili ya mvua. Akasema, "Mama, Jumatatu nataka magunia sita, kavu. Ukinikosesha tena, nitatafuta mwingine." Nikateremka ziwani Jumamosi, na mwenzangu naye alikuwepo.

Asubuhi ile nilitazama vilima vya kwetu. Ndivyo tunavyosoma mvua sisi: mvua hutoka vilimani, na vilima vikiwa vyeupe, bila wingu, hakuna wasiwasi, hata ng'ombe unawaachia mbali. Vilikuwa vyeupe kabisa. Nikamwaga dagaa wangu mchangani. Mwenzangu akaja taratibu, akasema, "Dada, chanja yangu ina nafasi upande mmoja. Ziwa limenuna leo."

Nikamjibu, "Mimi nilikuwa naanika dagaa wewe hujaota meno."

Nilikuwa nimeligeuzia ziwa mgongo. Sikugeuka hata kulitazama, kwa sababu ni yeye aliyesema nilitazame. Mvua ilitokea majini, saa nane mchana, na upepo wake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu asiyesikia la mdogo anavunjika nini. Mwenzangu alikuwa amekwisha kufunika wake. Akaja mbio kwenye wangu, tukazoa pamoja tukilowa, na hakusema neno lolote. Angenisema ningepumua.

Jumapili jua lilikuwa la kubahatisha. Jioni nikafunga magunia sita, dagaa wenye unyevunyevu chini, waliokauka juu. Nilijua ninachofanya.

Sirari, Jumatatu, yule mama akaingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Akautoa taratibu. Dagaa waliokuwa kiganjani walikuwa wanatoa joto kama uji. "Sasa hii ni nini?" akauliza. Niliona bati zangu, niliona sahani zinazorudi, niliona nyumba nzima ikihamia kwa mke mdogo.

Mwenzangu alikuwa ameshusha mzigo wake kando yetu, wa mteja wake mwenyewe. Akasogea akasema, "Samahani mama, tumechanganya. Hayo ni yangu, mimi bado najifunza, nitawapa watu wa kuku. Ya dada ni haya."

Yule mama akafungua ya mwenzangu. Akachota, akanusa, akatafuna mmoja. Uso wake ukafunguka. "Hata mchanga hakuna," akaniambia. "Unaona? Kazi unaijua." Kisha akamgeukia mke mdogo, "Na wewe, nisikuone tena na takataka hizi. Mwulize mkubwa wako akufundishe."

"Ndiyo, mama," mwenzangu akasema.

Nami nikapokea fedha. Moyoni, badala ya shukrani, nilipata wivu mkali kuliko wote, kwamba ameweza kusema vile na mimi nisingeweza.

Siku hizi ninaanika kwenye chanja, ya kwangu, alinisaidia kufunga miti. Dagaa wangu ni safi na mume wangu anakula kote. Yule mama huja Sirari kila Jumatatu, na akichota dagaa wangu husema hajaona mtu mwenye mkono kama wangu. Mwenzangu hukaa hatua tatu kutoka hapo na magunia yake. Yule mama humpita bila hata kuyafungua, akiamini bado ni takataka, na mimi ninaendelea kupokea sifa.