Kivuli cha Gari la Kaka

Nyumbani kwetu kuna kivuli kimoja tu cha maana, na kinakaliwa na gari.

Ni banda la mabati lililoegemezwa ubavuni mwa nyumba, nguzo nne, sakafu ya saruji, na upepo unaingia mbele na kutokea nyuma. Baba alilijenga kwa ajili ya Mama. Mama ni fundi cherehani. Ameshona sare za shule tangu mimi sijazaliwa, na nusu ya watu wazima wa mtaa huu walikwenda darasa la kwanza wamevaa kaptula au sketi iliyotoka mikononi mwake. Pale bandani ndipo alipokuwa akishona, akipokea wateja, akigombana na wazazi wanaotaka sketi ikatwe ndefu ili mtoto aivae mpaka aote ndevu. Alikuwa na ulimi, mama yangu. Mteja akimharakisha, anamjibu, "Sawa, leo chukua mguu mmoja wa suruali, wa pili uje kesho." Watu walikuwa wanapita kwa makusudi ili wachokozwe.

Kisha kaka yangu akaondoka.

Alipata kazi nje ya nchi, mkataba wa mwaka mmoja, akatuachia gari lake dogo la rangi ya kijivu. Siku ya safari, mabegi yakiwa mlangoni, alimkabidhi Baba ufunguo akasema, "Naomba mniangalizie gari, mzee. Hasa jua. Dashibodi ikishapasuka ndiyo basi tena, wewe mwenyewe unajua." Alisema hivyo huku anatafuta tiketi mfukoni. Sidhani kama alilifikiria neno hilo zaidi ya pale mlangoni.

Baba anajua, kweli. Maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa ofisi. Mtaani wanamwita Taratibu kwa kuwa hajawahi kumrushia mtu matope, na jambo analojivunia kuliko hata kunizaa mimi ni kwamba magari yote aliyoyarudisha ofisini hayakuwa na ufa kwenye dashibodi. Ukimtajia mafuta ya kung'arisha, anakasirika. "Hayo unaikaangia," anasema. "Leo inang'aa, baada ya muda inanata, halafu inapasuka vipande vipande." Yeye anatumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Vioo anaviacha wazi upana wa kidole ili joto lipate pa kutokea. Nyuma ya kioo cha mbele anaweka kadibodi, na pua ya gari haielekezwi machweo hata kwa bahati mbaya. Lakini kuliko hayo yote, anasema, kivuli. Basi jioni ile ile cherehani ikatolewa bandani, gari likaingizwa.

Mwaka ukaisha. Mkataba ukaongezwa, ukaongezwa tena, na siku hizi hatuulizi.

Cherehani sasa iko chumbani kwa wazazi wangu, imebanwa kati ya kitanda na kabati. Chumba kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na bati la juu halina dari. Mchana huwezi kukaa humo bila kutafuta ugomvi na mtu. Mama anashona humo, mlango wazi, kitambaa cha maji shingoni. Miguu yake imevimba. Asubuhi viatu vinamwingia, ikifika saa nane vimekataa. Muuguzi wa zahanati alimwambia, kisha akanivuta pembeni akaniambia na mimi, maana alimwona Mama anaitikia "ndiyo, ndiyo" ya kumalizia mazungumzo: presha iko juu, asikae kwenye joto, akae penye hewa, miguu iwe imeinuliwa.

"Kwani nyumbani hamna hata kivuli?" akaniuliza.

Nikasema kipo. Aibu ilinizuia kumwambia anayekitumia.

Nilimweleza Baba. Akajikuna kidevu, akalitazama gari, akanitazama mimi. "Nikilitoa nje halimalizi msimu," akasema. "Mwenyewe akirudi nitamwambia nini?" Na kabla sijafungua kinywa, Mama akapaza sauti kutoka chumbani, "Mwache baba yako. Mimi sijambo."

Ieleweke kwamba mimi nilirudi nyumbani ndoa iliponishinda, na sanduku moja na jiko la gesi, na sikuambiwa nikae kivulini. Asubuhi niko dukani, duka la vifaa vya ujenzi, napokea pesa na maneno ya wateja. Jioni napika, nafuata dawa, nakanda miguu ya Mama mpaka vidole vyangu vinakufa ganzi. Sijipigii debe. Nasema kwa sababu nina hasira, na sijaona pa kuipeleka.

Kifuniko cha dashibodi alikishona Mama mwenyewe. Alichukua pazia zito la sebuleni, lile zuri, akatandaza magazeti juu ya dashibodi na kuyabonyeza kwa kucha ili kupata umbo, akachora kwa chaki matundu ya hewa na mahali pa kusomea mwendo, akakata, akakunja pindo, akashona. Kikakaa sawasawa, hakuna mkunjo. Sebule yetu mpaka leo haina pazia upande ule. Nilipomdhihaki kwamba hata bibi harusi hajawahi kupimwa hivyo, alicheka, akaendelea kukinyoosha pembeni kwa kiganja.

Kaka hupiga simu mwisho wa wiki, si kila mwisho wa wiki. Mama huweka sauti ya nje ili wote tusikie. "Mama, shikamoo. Gari vipi? Dashibodi haijapasuka?" Hapo Mama huanza. Anamweleza jinsi Baba alivyoifuta, kifuniko kilivyofuliwa, na yeye mwenyewe alivyoshona upya kona moja iliyolegea. Kaka anacheka, anasema, "Nyie wazee hatari!" Wanaulizana joto la huko na la huku. Kisha mtandao unasumbua, au kuna mtu anamwita, na simu inakatwa. Mama hubaki ameishika mkononi anatabasamu. Habari za miguu amenikataza nisimwambie kaka hata kwa ujumbe. "Yuko ugenini peke yake," anasema. "Utamtia simanzi ya bure."

Ijumaa moja Baba alikwenda ofisi ya pensheni kuthibitisha kwamba bado yu hai, shughuli inayochukua siku nzima hata kwa mtu anayeonekana wazi anapumua. Mimi nilikuwa na siku yangu ya mapumziko. Kifuniko kilikuwa kimefuliwa, kiko kambani kinachuruzika maji. Niliingia chumbani kumpelekea Mama maji ya kunywa, nikamkuta ameinamisha kichwa juu ya cherehani, macho amefumba, jasho lake limelowesha shati la mtoto wa watu.

"Mama!"

"Nimepumzika tu. Usipige kelele."

Nilichoka pale pale. Nilichukua ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, nikamwita jirani yetu fundi bomba, nikaweka gari nyutro, nikalegeza breki ya mkono, tukalisukuma mpaka katikati ya uwanja, juani. Fundi bomba akauliza, "Mzee Taratibu ameruhusu?" Nikamwambia asukume, asiniulize maswali ya polisi. Nikafagia banda, nikaweka kiti chenye mto, na kigoda cha kuinulia miguu. Nikamtoa Mama chumbani nimemshika mkono.

"Na gari?" akauliza.

"Gari halina presha, Mama."

Alicheka kidogo. Akakaa. Upepo ukapita, ukainua ncha ya mtandio wake, naye akashusha pumzi ndefu ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nikaingia jikoni kuosha vyombo huku naimba, nikipanga maneno ya kumwambia Baba akirudi, na yote yalikuwa makali.

Nilipotoka, kiti kilikuwa kitupu.

Nilichungulia chumbani, hayupo. Nikaenda chooni, hayupo. Ndipo nikaona mlango wa gari uko wazi. Mama alikuwa amekaa kiti cha dereva, ndani ya lile tanuri, kichwa wazi. Mtandio wake alikuwa ameutandaza juu ya dashibodi, na kwa kuwa haukutosha, upande uliobaki alikuwa ameuinamia, mikono yote miwili ameilaza juu yake. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Nilipogusa ile plastiki karibu na kiwiko chake, niliondoa mkono haraka.

"Toka humo, Mama. Unataka kufa?"

"Lirudishe."

"Silirudishi! Ipasuke tu! Ni plastiki, Mama, ni plastiki!"

Hakunijibu kwa ukali. Ningependa angenijibu kwa ukali, na ule ulimi wake wa bandani. Alinitazama kwa uchovu akasema, "Mtoto yule akipiga simu anauliza dashibodi. Ikipasuka, atapiga aulize nini?"

"Atauliza hali yako!"

"Hajawahi," akasema Mama.

Aliposema neno lile hakulalamika. Alinipa habari tu, kama anavyomwambia mteja kitambaa kimepungua. Nilisimama pale juani nikatafuta simu hata moja ya kumbishia nayo, na sikuipata. Alikuwa ameshahesabu kabla yangu, huko chumbani kwake, na akakaa na jibu lake kimya muda wote ule, akishona.

Nikamwambia ashike usukani aunyooshe. Mama hajawahi kuendesha hata baiskeli. Aliushika kwa mikono miwili akakaza macho mbele, nami nikaenda nyuma nikasukuma. Gari halikusogea. Nikaweka bega, nikasukuma huku nalia na kutukana, sijui nilikuwa namtukana nani. Geti likalia, Baba akaingia na shati lake la ofisi na bahasha yake. Aliona gari halipo bandani, aliona kiti na kigoda, alimwona mke wake kwenye usukani na nywele zake za mvi nje. Aliweka bahasha chini, akaja pembeni yangu, tukasukuma pamoja mpaka gurudumu la mbele likapanda saruji. Kisha akakihamisha kiti cha Mama kisije kikalikwaruza gari.

Usiku ule Mama alihema vibaya. Jumamosi nilimpeleka zahanati, wakamwongezea vidonge, na yule muuguzi hakunisemesha zaidi ya lazima.

Jumapili kaka akapiga. Mama alikuwa kitandani, miguu juu ya mito. "Shikamoo Mama. Gari vipi? Dashibodi haijapasuka?"

"Haina hata alama, mwanangu," akasema Mama, na sauti yake ikawa ya mtu mzima wa afya. "Baba yako ameifuta leo asubuhi. Kifuniko nimekifua, kimekuwa kipya." Akaeleza yote, taratibu, pindo kwa pindo. Baba alikaa kwenye ncha ya kitanda anatingisha kichwa kukubali. Kaka akacheka, akasema sisi ni watu wa ajabu. Nilinyoosha mkono nikaichukua simu.

"Kaka, ni mimi. Muulize Mama habari za miguu yake."

Kulikuwa na kelele za watu upande wake, na muziki. "Miguu?" akasema. "Ina nini miguu?"

Mama alikuwa ameinuka kwenye mto. Alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa bado na doa jekundu chini ya kiwiko, pale alipoulaza juu ya dashibodi. Baba alikuwa anatazama sakafu. Kaka akarudia, safari hii karibu zaidi na simu, "Wewe, Mama ana nini?"

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na maneno yote tayari, tangu Ijumaa, tangu kabla ya Ijumaa. Nikamtazama Mama.

"Hana kitu," nikasema. "Amekaa sana leo. Ngoja nikupe mwenyewe, alikuwa hajamaliza kukueleza kifuniko."