Kungoja Saa Sita Wheaton

Nilichukua somo la nyota kwa sababu sikutaka kupasua chura. Chuo kilidai kila mwanafunzi, hata sisi wa uhasibu, asome angalau somo moja la sayansi kabla ya kuhitimu, na msichana aliyekuwa mbele yangu siku ya kujiandikisha alinihakikishia kwamba la nyota ndilo rahisi kuliko yote: unatazama picha za sayari, unapita, unaenda zako. Alinidanganya. Wiki ya kwanza tu mwalimu alijaza ubao mzima pembe na hesabu, nami nimekaa nyuma ya ukumbi na sare ya kazi ndani ya koti, najiuliza nani alinituma.

Hiyo ilikuwa Januari, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa ninaishi Wheaton, nje kidogo ya Washington, upande wa Maryland, katika fleti ndogo nyuma ya maduka makubwa. Asubuhi hadi alasiri nilihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kisha siku mbili kwa wiki nilipanda treni ya Metro hadi U Street, mjini, kwenda darasani. Na kule kwenye fleti alikuwapo mama yangu.

Mama alikuja Novemba, baada ya baba kufariki. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Kwetu ni Nyahururu, pale ikweta inapokatiza barabara na watalii husimama kupigwa picha chini ya kibao, na baba alizikwa shambani kwetu, kando ya boma la ng'ombe. Nilienda kumzika. Niliporudi Marekani nikaanza kumshughulikia mama viza bila hata kumwuliza sana, maana sikuweza kulala nikimfikiria peke yake katika ile nyumba. Nilitaka aje akae. Sikutaka aje kutembea tu, nilitaka akae nami moja kwa moja. Kibali chake kilikuwa kinaisha Aprili na kingeweza kuongezwa. Kilichokosekana ni neno lake. Kila nilipomgusia alisema, "Tutaona." Anayemjua mama anajua kwamba "tutaona" yake si ndiyo.

Hakulalamikia chakula wala upweke. Baridi pia haikumtisha, kwani hata Nyahururu kuna baridi. Alichokilalamikia ni jua. "Jua la huku ni la picha," aliniambia. "Linaonekana tu." Alishinda dirishani na shali yake, Biblia mapajani, sanduku lake bado limejaa nguo chini ya kitanda.

Aliposikia ninasoma nyota alivua miwani. "Sisi watu wa kanisa? Kwani unataka kuwa mganga?"

Nilimweleza kwamba si kupiga ramli, ni kujua tu jinsi jua na mwezi vinavyokwenda. Akavaa miwani, akasema basi niwe naomba kabla ya kwenda darasani.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mrefu wa sauti ya chini, mwenye sweta moja ya kijivu kwa majira yote. Alitupa kazi ya muhula mzima: kusimamisha fimbo mahali pa wazi na, mara moja kila wiki, kupima kivuli chake saa sita mchana. Akatuonya tusiamini saa za mkononi. Saa sita ya kweli, alisema, ni pale kivuli kinapokuwa kifupi kuliko wakati wowote wa siku hiyo.

Saa sita mimi nilikuwa nikilisha wazee wa watu supu. Kwa hiyo nikamwomba mama. Nusu ilikuwa shida yangu, na nusu nilitaka atoke pale dirishani. Nilichomeka mpini wa ufagio katika mkebe wa rangi uliojaa kokoto, nikauweka kwenye kona ya maegesho ya magari, nikampa chaki na utepe wa fundi cherehani. "Ukiona kivuli kimekuwa kifupi kabisa, tia alama," nikamwambia.

"Mimi wa kufundishwa saa sita?" akasema, na kwa kweli alikuwa ameudhika kidogo. Miaka yote alipokuwa akilima, saa yake ilikuwa kivuli chake. Kikiingia miguuni anaweka jembe chini, anakwenda kuinjika chakula.

Siku ya kwanza ya kupima, niliporudi kutoka kazini, jirani yetu alinidaka mlangoni. Alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mwenye Kiswahili cha kuchanganya na Kifaransa, aliyefanya usafi hotelini zamu ya jioni, na alikuwa ameshavaa tayari kwa kazi.

"Maman yako aliko inje tangu muchana!" akaniambia. "Niko namuambia, 'Maman, ingia, baridi itakuua,' anakataa. Anasema anangoja saa sita. Mais saa sita ilishapita zamani!"

Nilikimbia. Mama alikuwa amesimama kando ya ule mkebe na makoti mawili, shali imefungwa mpaka puani, chaki mkononi. Hakuna alama hata moja chini. Jua lilikuwa limeinamia paa za nyumba na kivuli cha mpini kilikuwa kirefu kikielekea upande wa barabara.

"Mama! Umekaa hapa saa zote hizi?"

"Hakijafika," akasema. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Nimekingoja. Kilikuja kidogo, kikafika hapo," akanionyesha mahali mbali na mkebe, "halafu kikageuka kikaenda zake."

"Sasa hapo kilipogeukia ndiyo saa sita yenyewe."

Alipatazama pale. Palikuwa mbali na mpini karibu mara mbili ya urefu wake. "Saa sita gani hii ya kivuli kirefu?"

Nilicheka, maana ilichekesha. Kisha nikamwona macho nikaacha. Mama hakuwa anatania. Alikuwa na sura niliyoiona siku ya mazishi, watu walipokuwa wakirudi makwao na yeye bado amesimama shambani.

"Nchi hii haina saa sita," akasema, akanipa chaki.

Nilimpeleka ndani, nikamwekea miguu katika karai la maji ya moto, nikapika chai ya tangawizi. Nilikuwa na hofu, si ya mafua tu. Nilijua nimempeleka mwenyewe nje akaone kwa macho yake kile alichokuwa akikisema tangu Novemba.

Lakini wiki iliyofuata aliomba chaki. Akajifunza kutia alama kila baada ya muda na kuchagua ile iliyo karibu zaidi na mkebe. Februari ikaingia, kivuli cha saa sita kikaanza kurudi nyuma, kila wiki kikiwa kifupi kuliko wiki iliyopita, na mama akaanza kubadilika. Nikiingia tu mlangoni, kabla sijavua viatu, ananiambia, "Kinakuja!" Jirani naye akawa anauliza, "Kivuli ya Maman iko wapi leo?" Siku moja nikakuta sanduku limetolewa chini ya kitanda na nguo zimetundikwa kabatini. Siku nyingine alitaka kujua kama sukuma wiki inaweza kuota kwenye debe pale kwenye roshani. Mimi nilifurahi mno. Nilichukua fomu za kuongeza kibali, nikaziweka juu ya friji, sikusema kitu.

Katikati ya Machi, tukiwa tunakula, akauliza, "Kitafika miguuni mwezi gani?"

Nikasema nitamwuliza mwalimu. Sikuwa nimewahi kumwuliza kitu. Baada ya darasa nilishuka hadi mbele, nikamweleza habari za mama na mpini wa ufagio, na kwamba anataka kujua mwezi ambao kivuli kitaingia miguuni kule Wheaton. Alinisikiliza bila kutabasamu. Akachukua tufe la dunia mezani, akaweka kidole chake juu ya Washington.

"Hapa hakifiki," alisema. "Hata Juni, siku jua linapokuwa juu kuliko siku zote, kitabaki kidogo pembeni. Ili kiishe inabidi uteremke kusini sana." Kidole kikateremka, kikapita Florida, kikaingia baharini. Kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya ule mstari wa ikweta. "Mimi nimefundisha jambo hili maisha yangu yote," akasema, "na sijawahi kusimama mahali nikakosa kivuli."

Kwenye Metro nilikuwa na uongo wangu tayari. Ningesema Juni. Mama angengoja, fomu zingetumwa, na Juni ikifika kungekuwa na sukuma wiki kwenye roshani, na marafiki kanisani, na hilo la kivuli lingekuwa kichekesho cha nyumbani. Nani angenilaumu? Mtu haambiwi kila kitu. Baba alipofariki, jamaa zetu walitaka nifichwe habari hiyo mpaka nimalize mitihani, ndivyo watu wetu wanavyowafanyia walio ng'ambo. Ni mama aliyekataa. Alitembea mpaka posta, akanipigia, akasema, "Baba yako ametuacha leo asubuhi." Basi. Nililia huku nikimshukuru, kwa sababu alikuwa amenihesabu kuwa mtu mzima.

Nilipofika alikuwa ameshapakua chakula. "Mwalimu amesema mwezi gani?"

"Amesema hakifiki, Mama. Hapa hakifiki."

"Hata mwezi wa sita?"

"Hata huo. Kitakaribia, halafu kitageuka."

Aliendelea kula. Alikula mpaka akamaliza, akafuta mikono, akaitazama ile friji na fomu zilizokuwa juu yake. Kumbe alikuwa ameziona siku zote. "Nilikuwa najiambia ni msimu tu," akasema. "Msimu mtu anaweza kuungoja. Basi mimi nitaenda nyumbani."

Nilimwomba. Sitasema sikumwomba. Nilimwambia nani atamwangalia akiugua, nani atamfungulia mlango, na mimi je, nirudi jioni nikute nani humu? Alinishika mkono akaniacha niseme yote. Hakubadili neno lake.

Aliondoka mwanzoni mwa Aprili. Kwenye uwanja wa ndege alinikumbusha kuomba kabla ya darasa.

Simu yake ilikuja asubuhi moja nikijiandaa kwenda kazini, kutoka posta ya Nyahururu, na kelele za watu nyuma yake. Akasema ng'ombe ni mzima. Jirani wa huko amelima kipande cha chini. Kisha akasema, "Leo nimesimama pale kwa baba yako saa sita. Nimekitafuta kivuli sikukiona. Nimekikanyaga chote."

Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kabla ya mazishi. Nilikuwa nimeisahau. Nilibana simu na bega nikajifuta uso na mkono wa sare, kwa sababu nilielewa kwamba hatarudi Wheaton, na kwamba yuko salama, na sikuweza kuyatenganisha hayo mawili.

"Unalia?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Haya. Na chako kimefika wapi?"

Kupitia dirishani niliona mpini wa ufagio kule chini, kwenye kona ya maegesho, na alama zake za chaki ambazo mvua ilikuwa haijazifuta.

"Bado kiko nje," nikasema.

"Basi vaa koti," akasema, "ukakipime."