Siku Bakari Alipoulizwa Mwezi

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi yamenitoka, hata majina ya baadhi ya wajukuu zangu. Imenirudia juzi, Rukia aliponipandisha tena mnarani.

Mnara wenyewe ni ule mweupe wa huku kwetu Timbwani, uliojengwa zamani kutazamia meli zinazoingia bandarini. Hakuna mgeni wa Mombasa asiyepelekwa pale kupiga picha. Sisi wenyeji hatuupandi. Tunauelekezea watu njia tu. Nilikubali kwenda kwa sababu Rukia alikuwa amenuna, na mtu aliyenuna ni afadhali atembezwe.

Rukia ni mjukuu wangu, akaa Mtopanga. Wajomba zake walikuwa wamemwuliza mchumba wake habari za kazi, naye akawaambia kweli kwamba ameachishwa. Angeweza kunyamaza mpaka nikaha ipite. Wajomba wakaiahirisha harusi, na Rukia akasema mwanamume mjinga namna ile hamtaki tena.

Tulipofika juu nilitweta kwanza, kisha nikaipa bahari mgongo. Rukia akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Bibi, bahari iko huku."

"Naijua iliko. Mimi hapa nilipanda kutazama minazi."

Nikamsimulia, kama ninavyokusimulia wewe. Katika usichana wangu, mwezi wa Idi tuliutafuta kwa macho yetu. Jua letu huzama upande wa bara, nyuma ya minazi, na mwezi mwandamo huchungulia papo hapo kisha ukatoweka. Basi jioni ya mfungo wa ishirini na tisa wanaume walipanda mnara ule, wakaisahau bahari uliyojengewa, wakaikodolea macho minazi. Ukionekana, kesho Idi. Usipoonekana, kesho twafunga.

Mwaka huo nilikuwa na langu jambo. Nilikuwa nimeposwa na Bakari, baharia, na nikaha iliwekwa asubuhi ya Idi. Kuoana ndani ya Ramadhani si haramu, lakini kwetu haikuwa desturi, na mama hakutaka hata kusikia. Meli ya Bakari nayo ilikuwa ing'oe nanga kesho yake magharibi. Mwezi ukiandama jioni ile, nitaolewa. Usipoandama, Bakari ataondoka sijui mpaka lini, na shangazi yangu alikuwa na mwanawe aliyetaka anioe, akingoja tu nafasi.

Bibi harusi hatoki nje, nalijua hilo. Lakini Bi Mwanakombo, somo yangu aliyepewa kazi ya kunifunda, alikuwa na huruma kuliko hadhari. Alinifunika buibui gubigubi akanipandisha, tukajibanza kwenye ngazi, chini kidogo ya wanaume, Bakari akiwa miongoni mwao.

Adhana ikalia, wakafuturu kwa tende, wakaigeukia minazi. Punde Mzee Hamisi, jirani yetu, akapaza sauti: "Ule pale!" Wengine wakatazama, wasione kitu. Wingu lilikuwa limeshapafunika. Khatibu akasema anataka shahidi wa pili, maana kwa mwezi wa Idi mmoja hatoshi.

Watu wote wakamgeukia Bakari. Hapakuwa na mwenye macho makali kama yake, na wote walijua harusi ni ya nani. Wengine walikuwa wakitabasamu tayari.

"Bakari, mwanangu," khatibu akamwuliza, "nawe umeuona?"

Niliubana mkono wa Bi Mwanakombo. Sema ndiyo, niliomba moyoni. Sema tu.

"Sikuuona, maalim."

"Tazama vyema," mtu akamhimiza, "pale juu ya ule mnazi uliopinda."

"Natazama. Wallahi siuoni."

Tukashuka. Nyumbani nililia mpaka mama akadhani kuna msiba, nikasema Bakari simtaki, hanipendi, neno moja tu limemshinda. Baba alinisikiliza akiwa mlangoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Wewe walilia lipi?" akaniuliza. "Kwamba hakuuona, au kwamba hakutudanganya?"

Akatoka bila kungoja jibu.

Kesho yake tukafunga. Magharibi mwezi ukaonekana, na takbiri zikasikika pamoja na honi ya meli yake ikitoka. Niliumia, mwanangu, sitakuficha. Na mwezi wenyewe ulikuwa mnene. Watu wakasema huu ni wa jana, Mzee Hamisi alisema kweli, Bakari amejinyima harusi bure. Huenda. Lakini Bakari hakuulizwa kama mwezi upo. Aliulizwa kama ameuona.

Shangazi alikuja na mwanawe, kama nilivyojua. Baba akamwambia ameshatoa neno lake kwa mtu ambaye neno lake amelisikia. Nikangoja. Bakari akarudi, akanioa, kisha akaendelea na bahari yake kwa miaka mingi. Wenzangu, wake wa mabaharia, walikuwa hawalali. Kila meli ilikuja na uvumi wake, kwamba fulani ana mke mwingine bandari fulani, ana na watoto. Wa Bakari pia ulinifikia.

Hapo Rukia akanikatiza. "Na babu alikuwa naye?"

"Hakuwa naye."

"Wewe ulijuaje?"

"Nilimwuliza."

"Akasema nini?"

"Akasema hana. Nikaenda kukaanga samaki."

Rukia hakucheka. Aligeuka, akatazama minazi, ambayo siku hizi haionekani sana kwa maghorofa. Sijui ataamua nini, wala sikumshurutisha. Harusi ni yake.

Bali wewe, mwanangu, nakuusia hili. Usimkimbie mtu kwa sababu alisema kweli siku ambayo uwongo ungekufaa. Siku ile utakasirika, na una haki ya kukasirika, mimi nililia. Lakini ngoja machozi yakauke kabla hujatoa jibu. Na wewe ukisimamishwa mbele za watu ukaulizwa, sema ulichokiona, hata wote wakiwa wamekukunjulia nyuso wakingoja jingine.

Mwenyezi Mungu akujaalie mwenzio ambaye ukimwuliza mara moja, hutahitaji kumwuliza tena. Akupe na usingizi wa usiku kucha, kama alionipa mimi, na Bakari yuko mbali. Amin.