Shaba Aliyoikosa Kaka

Kabla ya kushuka shimoni asubuhi, Taratibu anagonga magogo yanayoshikilia kuta, moja baada ya jingine, sikio likiwa karibu na nyundo. Jina hilo amepewa na wachimbaji wenzake. Wanadai hata chafya yake hubisha hodi kwanza. Yeye anacheka kidogo, anaendelea kugonga.

Ana sababu. Miaka tisa iliyopita, katika shimo hilihili, kaka yake alifukiwa na kifusi. Hawakuweza kumtoa.

Walikuwa wakifuata mshipa wa madini ya risasi, mawe mazito ya kijivu yanayong'aa. Kadiri walivyoshuka, kijivu kilipungua, yakaanza kutoka mawe ya manjano. Wakayatupa. Kwa wachimbaji wa hapa, mshipa ukibadilika rangi umekufa, basi kaka akatoboa pembeni kuutafuta ulikopotelea. Mwamba wa huko ulikuwa laini, ukaporomoka.

"Mshipa ulikuwa chini ya miguu yake," anasema Taratibu. "Alikuwa ameukanyaga."

Hilo alilijua mwaka huu, alipompelekea mtaalamu wa miamba jiwe moja kutoka kwenye lundo la mawe yaliyotupwa. Mtaalamu huyo alimweleza kwamba zamani mno maji ya moto yalipanda katika ufa huo yakiwa yamebeba madini, na yalivyozidi kupoa yakayaacha njiani: shaba kule chini kwenye joto, zinki na risasi huku juu. Yale mawe ya manjano yalikuwa ya shaba.

Inauma hata kuandika. Siku hiyo Taratibu alilia hadi mkewe akadhani kuna msiba mpya.

Sasa anataka kushuka wima, mbali na njia ya pembeni aliyolala kaka yake, ambayo ameiziba kwa mawe. Leseni anayo na wenzake wako tayari. Anayekataa ni mama yake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na bila radhi yake Taratibu hachimbi kwenda chini zaidi.

Leo mama amekuja mwenyewe. Tangu nifike hapa kuandika habari hii, amekaa akimtazama mwanawe akigonga.

"Unasikiliza nini?" anauliza hatimaye.

"Gogo zima hulia, mama. Lililooza hunyamaza."

Mama anainuka, anajifunga kanga vizuri, anaichukua nyundo. Anagonga gogo la kwanza, anatega sikio, anahamia la pili. Anayapitia yote.

"Basi kila asubuhi nitagonga mimi," anasema. "Nikiridhika, mwanangu, utashuka."